Picha ya Setilaiti Kibaha na Kisarawe: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kibaha na Kisarawe ziko jirani na Dar es Salaam, kwa hiyo kijana anayejifunza kusoma ardhi kwa picha za setilaiti mara nyingi huelekezwa huko kwa mazoezi. Anakaa mbele ya kompyuta, anapakua picha za bure, na kabla jua halijazama ana ramani yenye madoa mekundu panapodaiwa kuharibiwa. Baada ya muda ramani hiyo imefika mezani kwa mtu mwenye uwezo wa kumtoa mkulima shambani au kumfungia mchimbaji mdogo machimbo yake. Ndiyo maana masharti yanayofuata ni makali. Setilaiti za Landsat hupita kilomita 705 juu ya vichwa vyetu, lakini anayebeba mzigo wa kosa lako anaishi Mzenga, Soga au Maneromango, na hakuna aliyemweleza pikseli ni nini.

IJUE MIAMBA KABLA HUJAWASHA KOMPYUTA

Ukitoka Dar es Salaam kuelekea magharibi unapanda vilima vya Pugu. Vilima hivyo ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa mawe laini, na kati ya punje za mchanga kumejaa kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kaure, karatasi na rangi. Mapango ya Pugu wanayotembelea wageni ni mahandaki yaliyochimbwa na binadamu wakiufuata udongo huo. Ukishuka upande wa pili unaingia bonde la Ruvu, lenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Ukizidi kwenda magharibi hadi Lugoba, katika Halmashauri ya Chalinze, unakuta miamba migumu iliyogeuzwa na joto na mgandamizo zamani sana, ndiyo hiyo inayopasuliwa kokoto za kujengea mji.

Ardhi hizo tatu hujibu mwanga kwa namna tatu. Kifusi cha kaolini hung'aa. Udongo wa mbuga ulioloa hunyonya mwanga ukaonekana kama maji. Jiwe lililopasuliwa jana haliakisi mwanga sawasawa na jiwe lililokaa juani na mvuani miaka mingi, maana la pili limevaa ngozi ya kutu ya chuma. Asiyejua anasimama juu ya ardhi ipi ataita kila kinachong'aa mmomonyoko na kila cheusi mafuriko. Tafuta kwanza ramani za jiolojia za GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, uzisome mpaka uweze kuchora mipaka ya miamba hiyo kwa mkono.

USITAFUTE KAOLINI KWENYE MAJANI

Hili nalirefusha kwa makusudi, maana ndipo ramani nyingi za madini ya udongo zinapoharibikia.

Kaolini ina alama yake katika mwanga usioonekana kwa macho. Ikipigwa na jua hunyonya mwanga wenye urefu wa mawimbi wa karibu mikromita 2.2 na kurudisha vizuri ule wa mikromita 1.6. Setilaiti ya Sentinel-2 ina bendi mbili zinazoangukia hapo, ya 11 na ya 12. Landsat 8 na 9 zinazo pia, ya 6 na ya 7. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, mahali penye udongo wa mfinyanzi hupata namba kubwa. Hesabu ni nyepesi, na wepesi huo ndio mtego. Jani bichi limejaa maji, na maji nayo hunyonya mwanga wa mikromita 2.2 zaidi ya ule wa 1.6. Kwa hiyo msitu wa Kazimzumbwi, mkorosho wa Masaki na shamba la mihogo lililochipua baada ya vuli vyote vitakupa namba kubwa, na ramani yako itatangaza kaolini katika kila kitu chenye afya ya kijani.

Ondoa kwanza pikseli zote zenye uoto. Tumia kielezo cha uoto, kile wataalamu wanachokiita NDVI, na uwe mkali katika kuweka kikomo. Baada ya hapo utabaki na eneo dogo sana: kingo za machimbo, barabara za vumbi, mashamba yaliyolimwa, viwanja vilivyosafishwa. Likubali eneo hilo dogo. Setilaiti inaona ngozi ya juu ya ardhi tu, na chini ya kivuli cha miti ya Pugu haina la kukuambia kuhusu mwamba. Wapo wanaojaza nafasi zilizobaki kwa kukisia ili ramani ipendeze. Huo ni uongo uliopakwa rangi.

Ukihitaji kuitenganisha kaolini na udongo mwingine wa mfinyanzi, tafuta picha za ASTER, kamera iliyoko kwenye setilaiti ya Terra iliyorushwa Desemba 1999. Ina bendi kadhaa nyembamba katika eneo hilo la mwanga. Chukua picha za kabla ya Aprili 2008 pekee, kwa sababu baada ya hapo vipokezi vyake vya mwanga huo viliharibika na namba zake hazifai. Na usidanganywe na weupe. Mchanga mweupe wa Kisarawe unang'aa kwa macho kama kaolini, lakini hauna ile alama ya mikromita 2.2. Anayetumia rangi ya kawaida peke yake atampelekea mwekezaji mchanga.

USILINGANISHE MEI NA SEPTEMBA

Pwani ina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Picha ya mwezi Mei inaonyesha nchi ya kijani hata pale palipokwanguliwa. Picha ya Septemba inaonyesha nyasi zilizokauka na mashamba yaliyochomwa moto hata pale ambapo hakuna mti uliokatwa. Ukitoa moja kwenye nyingine utapata wilaya nzima iliyogeuka jangwa kwa miezi minne. Linganisha mwezi na mwezi uleule, na chunguza mvua za mwaka huo. Mwaka uliofuata vuli mbaya haufanani na mwaka wa mvua nyingi, hata ukichukua tarehe ileile.

Mawingu ya bahari yatakusumbua. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya anga safi zaidi, na wakati mwingine Januari na Februari hukupa nafasi. Kivuli cha wingu ni hatari kuliko wingu lenyewe, kwa sababu wingu kila mtu analiona, ila kivuli chake husomwa kama maji au kama msitu mnene. Kifute.

FANYA USAFI WA NAMBA

Landsat 7 iliharibika kifaa cha kunyoosha mistari tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha yake ilikosa karibu asilimia 22 ya eneo. Usizibe mistari hiyo kwa pikseli za jirani halafu ukatoa takwimu za ekari.

Picha za Sentinel-2 zilizotayarishwa kuanzia 25 Januari 2022 zimeongezewa 1000 katika kila namba. Asiyejua hilo akilinganisha Desemba 2021 na Februari 2022 ataona Kibaha nzima imebadilika. Toa hiyo 1000 kwanza.

Fanya kazi na namba za mwanga uliorudishwa na ardhi, zilizokwisha kusafishwa athari ya hewa. Moshi wa mashamba ya Agosti haumo ardhini.

PIGA HESABU YA PIKSELI KABLA HUJAAHIDI KITU

Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Ekari moja ina pikseli nne na nusu hivi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kama vinavyouzwa kandokando ya Mlandizi na Visiga, hakifiki hata nusu ya pikseli moja. Kwa Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, kiwanja hicho ni pikseli nne, na mara nyingi zote nne zimechanganyika na za jirani. Kwa hiyo mwananchi akikuomba uamue mgogoro wa mpaka wa kiwanja kwa picha ya bure, mjibu palepale kwamba picha hiyo haiwezi, na umwelekeze kwa mpima ardhi. Kumtia tumaini ni dhuluma.

Tanuri la mkaa lenye upana wa mita chache halionekani. Machimbo ya mchanga yaliyoanzishwa na watu wachache wenye koleo na lori moja hayaonekani mpaka yatanuke. Ukiandika katika ripoti kwamba uchimbaji ulianza 2019, hakikisha unamaanisha kwamba mwaka huo ndio ulioanza kuonekana kwa chombo chako.

USIITE MKOROSHO MSITU, NA USIITE MSITU SALAMA KWA SABABU NI KIJANI

Kompyuta ikiachiwa iamue yenyewe, shamba la mikorosho mikubwa iliyoshikana majani litaingia kundi la msitu. Siku mzee anapokata mikorosho iliyozeeka ili apande mingine, ramani itapiga kelele kwamba msitu umefyekwa. Ninajua uzito wa kelele hiyo kwa watu wa Kisarawe. Wilaya hii ina misitu ya hifadhi iliyopiganiwa muda mrefu: Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo inasimamiwa pamoja na TFS, wakala wa misitu wa serikali, kama hifadhi ya mazingira asilia, na Ruvu Kusini upande wa magharibi. Misitu hiyo ni mabaki ya misitu ya pwani yenye mimea na wanyama wasiopatikana penginepo. Imeliwa na mkaa, mashamba na viwanja kwa miaka mingi, na jiji lenye mamilioni ya majiko liko mlangoni pake. Anayeilinda anahitaji ramani ya kweli. Anayelima nje ya mpaka wake kwa halali anaihitaji vilevile.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Mkaa haufyeki msitu siku moja. Mchoma mkaa huchagua: leo mti mmoja mgumu, kesho mwingine, na vichaka huziba pengo haraka. Kutoka juu kijani kipo palepale, huku miti mikubwa imeisha. Picha moja ya kila miaka kumi haitakuonyesha wizi huo. Fuata pikseli ileile mwaka hadi mwaka, kila kiangazi, uangalie ule mshuko mdogo na kurudi kwake. Hifadhi ya picha za Landsat, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Julai 1972, ilifunguliwa bure kwa wote mwaka 2008, kwa hiyo kisingizio cha fedha hakipo tena. Fahamu tu kwamba kwa Afrika Mashariki picha za miaka ya 1980 na 1990 ni chache na zina mapengo. Penye pengo andika pengo. Kisha tafuta picha za zamani zilizopigwa kwa ndege katika hazina ya serikali ya upimaji na ramani, na uwaulize wazee.

Makovu mapya yana sababu nyingi. Jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa Pugu Aprili 2017, na tuta lake limekata Kisarawe na Kibaha kupitia Soga na Ruvu. Kando ya tuta kuna mashimo ya kuchukulia kifusi, na bandari kavu ya Kwala nayo imesafisha eneo lake. Yote hayo yanang'aa kwenye picha sawasawa na korongo la mmomonyoko. Jua kipi ni kipi kabla hujamlaumu mfugaji.

TUMIA RADA KWA KAZI YAKE

Sentinel-1, iliyoanza kuruka Aprili 2014, hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi, usiku na mchana, na mawingu hayaizuii. Mafuriko yalipoizamisha Rufiji na Kibiti Aprili 2024 chini ya anga la masika, chombo cha aina hiyo ndicho kilichokuwa na nafasi ya kuona ukingo wa maji. Kwa bonde la Ruvu itumie hivyohivyo, kwa tahadhari mbili. Maji tulivu huonekana meusi kwa rada, lakini lami na uwanja mtupu uliosawazishwa navyo huwa vyeusi. Na maji yaliyojificha chini ya matete au mpunga uliokua hufanya kinyume, hung'aa, kwa sababu mawimbi hugonga maji kisha mashina ndipo yarudi. Ukitafuta weusi peke yake utayakosa majaruba yaliyozama na utawahesabia mafuriko watu wenye barabara.

Rada ina uwezo mwingine unaowavutia vijana mno: kupima ardhi iliyosogea kwa sentimita, kwa kulinganisha mwangwi wa tarehe mbili. Tanzania ina mfano unaofundishwa duniani. Julai 2007 matetemeko yalitikisa eneo la Gelai, karibu na Ziwa Natron. Kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Rada zilionyesha ardhi ikipasuka na kuzama huku magma ikijipenyeza chini kama ukuta, na Septemba mwaka huohuo Oldoinyo Lengai ikalipuka. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu nchi ile ni kavu na uoto wake ni mchache.

Usiichukue njia hiyo ukaibandika Pugu kama ilivyo. Mawimbi ya Sentinel-1 yana urefu wa sentimita tano na nusu tu na hukwama kwenye majani. Jani likitikiswa na upepo, mwangwi wa leo haufanani na wa siku 12 zilizopita, na unachopata ni vurugu tupu. Njia hiyo ipeleke kwenye mabati ya Maili Moja, kwenye tuta la reli, kwenye madaraja, mahali palipo na kitu kigumu kisichobadilika. Penye msitu, kaa kimya.

USIPIME KINA CHA SHIMO KWA RAMANI YA MWINUKO YA MWAKA 2000

Chombo cha anga cha Endeavour kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11, Februari 2000. Namba zake zinafaa kuchora mabonde na kujua maji yanaelekea wapi. Zina makosa ya mita kadhaa, na penye miti zinapima karibu na vilele vya miti. Shimo la mchanga la mita tatu lililochimbwa juzi halimo humo. Ukitaka ujazo wa mchanga uliotolewa, rusha droni kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au shuka shimoni na kamba ya kupimia.

HAKIKISHA RAMANI ZAKO ZINAKAA JUU YA DUNIA MOJA

Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960. GPS na setilaiti hutumia WGS 84. Ukizibandika bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300. Kwenye mpaka wa hifadhi, mita 300 ni kijiji. Angalia pia kanda ya viwianishi (UTM): sisi tuko kanda ya 37 kusini, lakini Landsat hutoa picha zetu kwa namba za kanda ya 37 kaskazini, na namba za kaskazini-kusini zikawa hasi. Wengi wameshangaa nukta zao zikienda kukaa penginepo.

USIAMINI JINA LA MAHALI

Kuna Masaki ya Kisarawe na Masaki ya Dar es Salaam. Kuna Pangani ndani ya Kibaha na Pangani ya Tanga. Mto Ruvu wa Pwani siyo Ruvu wa Kilimanjaro. Andika viwianishi.

FUATA MCHANGA MPAKA UNAPOISHIA

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na kumalizika baharini baada ya kupita Jangwani, palepale ambapo mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na ambapo karakana ya mabasi ya mwendokasi imezama mara kwa mara. Mpiji nao hushuka kutoka vilima hivyo, ukitenganisha Dar es Salaam na Kibaha. Anayechunguza mabadiliko ya ardhi Kisarawe na kukomea kwenye mpaka wa wilaya ameiacha nusu ya kazi. Angalia mwaka hadi mwaka jinsi kingo za mto zinavyopanuka, fungu la mchanga linavyohama, na viwanja vinavyoongezeka kwenye miteremko ya juu.

Hata hivyo usimtwike mwanakijiji wa juu mafuriko yote ya mjini. Paa za mabati, lami, taka zilizoziba mitaro na nyumba zilizojengwa ndani ya bonde vina sehemu yao, na picha hizohizo zinaonyesha hayo ukiwa na nia ya kuyaona. Nimesoma ripoti zilizopima kwa bidii mashamba ya maskini milimani na kuruka kabisa majengo ya wenye nguvu bondeni. Huo ni upendeleo, na pikseli hazikuutaka.

NENDA

Hakuna ramani itakayotoka bila miguu kufika. Chagua maeneo ya kuhakiki kwa bahati nasibu, na usichague tu yale yaliyo kando ya barabara ya Morogoro. Karipoti kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, ueleze unapima nini na matokeo yataenda kwa nani. Wasalimie watu, wape muda. Usiingie machimboni bila ruhusa ya wanaochimba. Kuta za mchanga huanguka bila kutoa ishara. Okota sampuli, andika rangi ya udongo ukiwa mkavu na ukiloa, piga picha kuelekea pande nne, rekodi tarehe.

Mwenye shamba akikwambia kwamba pale unapopaita msitu uliofyekwa palikuwa na mikorosho ya baba yake, usimwonyeshe kompyuta. Muulize mwaka ilipopandwa, tembea naye mipakani, kisha rudi kwenye picha za miaka hiyo utazame upya. Akiwa sahihi, rekebisha na uhesabu kosa hilo katika kiwango cha makosa utakachotangaza. Akiwa amekosea, mweleze kwa adabu, mbele ya mwenyekiti.

RUDISHA RAMANI KIJIJINI

Chapa nakala kubwa, ikae ofisi ya kijiji kabla haijapelekwa wilayani. Wape wanakijiji siku za kuikagua na kalamu ya kuchora juu yake. Kwenye kona ya chini andika tarehe ya kila picha iliyotumika, ukubwa wa pikseli, idadi ya maeneo uliyoyafikia kwa miguu, kati yake mangapi ramani ilikosea, na jina lako kamili. Ramani isiyo na mambo hayo matano isisainiwe na mtu yeyote.